Onja Kidogo Tu: Ugonjwa wa Seliaki na Adabu ya Karamu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mgeni anayekataa chakula huwatia wenyeji wake mashaka. Huenda ikadhaniwa kwamba amechukia, amedharau, au anauhofia mkono wa mpishi. Ndiyo maana hata mgeni aliyeshiba husihiwa: "Onja kidogo tu." Kwa walio wengi, maneno hayo ni ya upendo na hayana madhara yoyote. Lakini wako watu ambao kipande kidogo cha chapati, sambusa au andazi huwajeruhi matumbo kwa namna isiyoonekana kwa macho. Hao ni wagonjwa wa seliaki. Yafaa basi kueleza kwa nini neno "kidogo" lina maana moja katika adabu na nyingine katika sayansi, na jinsi mgonjwa awezavyo kuketi karamuni kwa furaha bila kujidhuru.

Glutini ni kitu gani?

Jambo hili laweza kuchunguzwa katika darasa lolote. Chukua vijiko vitano vya unga wa ngano, ukande kwa maji hadi upate donge laini, kisha uliache kwa muda wa nusu saa. Halafu lioshe polepole ndani ya bakuli la maji, ukiyabadili maji kila yanapokuwa meupe. Weupe huo ni wanga unaotoka. Mwisho hubaki kitu chenye kunata na kuvutika mithili ya mpira: hiyo ndiyo glutini. Jacopo Bartolomeo Beccari wa mji wa Bologna, Italia, aliitenga kwa njia kama hii, na kazi yake ilichapishwa mwaka 1745. Unga wa mahindi ukitendewa vivyo hivyo, husambaratika wote majini.

Glutini ni mchanganyiko wa protini. Ndiyo inayowezesha chapati kusukumwa ikawa nyembamba bila kuchanika, na mkate kuumuka. Protini za jamaa yake zimo pia katika shayiri na katika rai, nafaka ilimwayo nchi za baridi. Mchele, mahindi, mtama, uwele, ulezi, muhogo, ndizi, viazi na maharage havina protini hizo zenye kumdhuru mgonjwa.

Vita ndani ya utumbo

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na vinyweleo vidogo mno, vilivyosimama kama nyuzi za zulia. Kazi yake ni kuongeza eneo la kufyonzea chakula. Protini nyingi huvunjwavunjwa kabisa na vimeng'enya, lakini glutini haimeng'enywi yote. Vipande vyake hubaki. Kwa mtu wa kawaida, vipande hivyo hupita bila fujo. Kwa mgonjwa wa seliaki, vipenyapo katika ukuta wa utumbo, kimeng'enya kiitwacho transglutaminasi huvibadili kidogo, na askari wa kinga ya mwili huvidhania kuwa adui. Tena mwili huunda silaha hata dhidi ya kimeng'enya hicho, ambacho ni chake wenyewe, jambo lililobainishwa na watafiti nchini Ujerumani mwaka 1997. Hapo methali isemayo "kikulacho ki nguoni mwako" hupata maana ya kibiolojia.

Matokeo ya vita hivyo ni kwamba vinyweleo hufupika na hatimaye hutoweka. Chakula huliwa lakini hakifyonzwi ipasavyo. Mgonjwa aweza kuharisha, kukonda, kupungukiwa damu au kudhoofika mifupa. Mtoto aweza kudumaa. Wengine hawaoni dalili yoyote ya wazi, ingawa utumbo unaharibika.

Ugonjwa huu hauambukizi. Huwapata watu waliorithi jeni fulani, ijapokuwa wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe. Hukadiriwa kwamba duniani mtu 1 hivi katika kila 100 anao. Wala si maradhi ya Ulaya pekee. Unafahamika vyema kaskazini mwa India, ambako chapati ni chakula cha kila siku. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa jamii ya Wasahrawi wa Sahara Magharibi.

Somo la ndizi na mkate

Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliandika kwamba ikiwa mgonjwa wa seliaki ataweza kupona, basi ni kwa njia ya chakula. Hakujua chakula gani. Mwaka 1924, Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto wagonjwa ndizi kwa wingi na kuwakataza mikate. Watoto walipata nafuu, na ndizi zikasifiwa kama dawa. Kumbe siri haikuwa katika kilichokuwamo sahanini, bali katika kilichokosekana.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto nchini Uholanzi. Alianza kuwapa wagonjwa mlo usio na ngano katika miaka ya 1930. Katika tasnifu yake ya mwaka 1950 alionyesha kwamba watoto huugua wanapopewa ngano au rai, na hupata nafuu zinapoondolewa. Miaka michache baadaye, yeye na wenzake walithibitisha kwamba chanzo ni glutini. Hadi leo tiba iliyothibitishwa ni moja: kuacha glutini maisha yote.

Kidogo ni kiasi gani?

Kipande kimoja cha mkate kina glutini ipatayo gramu 2 au zaidi, yaani miligramu 2,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 tu kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zinatosha kuujeruhi utumbo wa mgonjwa. Hiyo ni sehemu moja ya arobaini ya kipande cha mkate. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki ni cha madhara. Kwa hiyo mgonjwa asemapo, "Ahsante, siwezi hata kuonja," hapungukiwi adabu. Anasema ukweli wa vipimo.

Karamuni

Kwa bahati njema, meza ya Afrika Mashariki ina mengi yasiyo na ngano. Pilau, wali wa nazi, samaki wa kupaka, matoke, mkate wa kumimina na vitumbua vya mchele mtupu vyote vyamfaa mgonjwa. Bokoboko, kaimati na visheti havimfai, kwa kuwa asili yake ni ngano. Bia ya kawaida hutokana na shayiri, ilhali mbege ya Kilimanjaro hupikwa kwa ndizi na ulezi. Katika arusi, keki ya ngano haifai. Lakini panapokuwa na ndafu, mgonjwa naye aweza kulishwa mbele ya watu kama wenzake, mradi mpishi hakuipaka mchuzi wa soya, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa ngano.

Hatari kubwa zaidi hujificha jikoni. Glutini si kijidudu, moto hauiui. Viazi vilivyokaangwa katika mafuta yaliyotumika kukaangia sambusa hubeba glutini. Vivyo hivyo upawa uliochota mchuzi kwa zamu na chombo chenye ngano, au sinia ambamo wenzake wanachovya chapati. Vyombo vikioshwa vyema kwa maji na sabuni, hatari hiyo huondoka.

Hapana budi mgonjwa amwarifu mwenyeji siku kadhaa kabla, wala si wakati sahani ziko mezani. Anaweza pia kuja na chakula cha kuwatosha wengine, ili nacho kiwe sehemu ya karamu. Mwenyeji naye ampakulie kwanza, kabla ya mikono mingi kupita, tena bila kutangaza. Bora zaidi ni kupika vyakula kadhaa vya mchele, ndizi au muhogo viliwavyo na wote, ili asiwepo wa kutengwa.

Wanafunzi na walimu watakaohisi dalili zilizotajwa wasiache ngano kwa kukisia. Vipimo vya damu na vya utumbo huonyesha ukweli iwapo mtu bado anakula glutini. Akiiacha mapema, ugonjwa waweza kufichika. Amwone daktari kwanza. Na mwenye kuandaa karamu, badala ya kusihi kwamba mgeni aonje kidogo tu, na amweleze mambo matatu: kilichopikwa ni nini, kwa unga gani, na katika mafuta gani. Akiyajua hayo, mgeni ataweza kunyoosha mkono na kula pamoja na wenzake.