Nani Atenda, Nani Atendwa: Uhalisi wa Mapenzi ya Wanaume katika Hadithi

Wahakiki wa riwaya wamezoea kuuliza kama mtunzi amesawiri kwa kweli njaa, kazi, ndoa na utawala. Swali hilohilo halijaulizwa sana kuhusu tendo la mapenzi kati ya wanaume wawili, ingawa hadithi zinazolisimulia zimekuwa nyingi mno tangu miaka ya 1970, na zinasomwa hata mahali ambapo hazikuandikiwa. Kijana wa mtaa wa Migosi mjini Kisumu akitaka kusoma hadithi ya namna hiyo ataipata katika simu yake. Aghalabu itakuwa ya Kiingereza, imetungwa Marekani au Uingereza, na wahusika wake watakuwa na mlango unaofungwa, kitanda kipana na jirani asiyesikia. Anachojifunza humo kuhusu mwili wake kinastahili kupimwa, kwani mara nyingi hana kitabu kingine cha kumfundisha.

Utanzu wenyewe hauna asili moja. E. M. Forster aliandika Maurice mwaka 1913 na 1914, lakini riwaya hiyo haikuchapwa mpaka 1971, baada ya kufa kwake. Wapenzi wanapewa mwisho mwema, ila tendo lenyewe limerukwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 watazamaji wa kike wa huko Marekani na Uingereza walianza kutunga hadithi za mapenzi kati ya wahusika wa kiume wa michezo ya televisheni. Huko Japani nako watunzi wa kike wa hadithi za picha, kama Keiko Takemiya aliyeanza kuchapisha Kaze to Ki no Uta mwaka 1976, walijenga desturi yao. Mito hiyo ilipokutana na riwaya za mapenzi za kawaida ukazaliwa utanzu wa leo, ambao watunzi wake wengi na wasomaji wake wengi ni wanawake. Hilo peke yake si kasoro. Mtunzi halazimiki kuwa ndiye mhusika wake. Lau ingekuwa hivyo, Shaaban Robert asingeandika wasifu wa Siti binti Saad.

Kasoro iko katika kanuni ya masimulizi. Katika hadithi hizo kumwingilia mwenzi ndicho kilele, na mambo mengine yote ni njia ya kukiendea. Maumivu hudumu kwa sentensi moja, maandalizi hayatajwi au hutajwa kama udhia, na wapenzi hufika mwisho kwa pamoja, kana kwamba wameitwa na kengele. Mwaka 2011 Joshua Rosenberger na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliowauliza wanaume karibu 25,000 wa Marekani walifanya nini mara ya mwisho walipokutana na mwanamume. Takriban 75 kwa mia walibusiana midomo, 73 kwa mia walitumia mdomo kwa namna nyingine, na 37 kwa mia tu ndio waliofikia jambo ambalo hadithi hulihesabu kuwa ndilo tendo. Kilicho hiari katika maisha kimefanywa sharti katika hadithi. Riwaya ya mapenzi ya mume na mke imehamishwa nzima, ikabadilishwa jina la mhusika mmoja.

Wajapani, angalau, hawakuficha jambo hilo. Katika utanzu wao mmoja huitwa seme, yaani mshambuliaji, na mwingine uke, yaani mpokeaji. Na msomaji huwatambua tangu ukurasa wa kwanza kwa kimo na macho. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa mwambao una jozi yake ya basha na shoga, nayo imejengwa juu ya msingi uleule wa anayetenda na anayetendwa.

Hapa ndipo suala linapowahusu wanaisimu kuliko wahakiki. Kiswahili hakionyeshi jinsia katika kiwakilishi. Yeye ni yeye; akamshika mkono inaweza kuwa mwanamke kwa mwanamume, au mwanamume kwa mwanamume, na hakuna sarufi itakayomsaliti mtunzi. Dholuo, lugha ya kwanza ya wengi wa Migosi, ni hivyohivyo: en hutosha kwa wote. Mtunzi wa Kiingereza huhangaika na nafsi mbili za kiume katika sentensi moja, asijue msomaji atatambuaje mkono ni wa nani. Mtunzi wa Kiswahili amezaliwa na tatizo hilo, naye amekwisha kulizoea. Kwa kiwakilishi peke yake, hadithi nzima ya mapenzi ingeweza kuandikwa bila msomaji kujua wapenzi ni akina nani.

Lakini kile kinachofichwa na kiwakilishi hufichuliwa na kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja hutongoza, mwingine hutongozwa. Mmoja huingilia, mwingine huingiliwa. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zimegawiwa jinsia mbili, kiasi kwamba kumwambia mwanamume kuwa ameolewa ni tusi hata pasipo neno lolote chafu. Mtunzi anayewaweka wanaume wawili kitandani hana budi kuchagua nani atachukua kiambishi cha kutendwa, na mara akichagua, msomaji amekwisha kumpangia mhusika huyo sauti, mwendo na cheo. Uongo huanza hapo, kabla ya mwili wowote kuelezwa. Wanaume wengi hawana zamu ya kudumu; wengine hubadilishana, na wengine, kama hesabu ya Rosenberger inavyoonyesha, hawana haja ya zamu yenyewe.

Msamiati wa magazeti na mahakama umezidisha ugumu. Kulawiti ni kitenzi kinachodai mtendwa. Kwa kuwa hutumika kila siku kuripoti watoto walioharibiwa, neno moja limebeba jinai na hiari pamoja, na mtunzi anayelitumia kwa wapenzi wawili watu wazima amekwisha kutoa hukumu. Sheria ya Adhabu ya Kenya nayo, katika kifungu cha 162, humtaja anayefanya na anayeruhusu kufanyiwa, kwa kifungo cha miaka 14 kila mmoja. Kifungu cha 165 hutaja vitendo vingine vyovyote vya aibu kati ya wanaume, kwa miaka 5. Mahakama Kuu ilikataa kuvitangua tarehe 24 Mei 2019. Ni kichekesho kidogo kwamba sheria hiyo ya kikoloni, katika kifungu chake cha pili, ilikumbuka kuwa yapo mengi ambayo wanaume wawili waweza kufanya, jambo ambalo riwaya za mapenzi husahau.

Watunzi wa Afrika Mashariki walioandika vizuri juu ya jambo hili hawakuandika mapenzi ya furaha. Katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa jina la Peponi, mnyapara Mohammed Abdalla anajulikana kwa uchu wake kwa wanaume, na katika By the Sea (2001) mfanyabiashara Hussein anamvuta kijana Hassan. Gurnah amesawiri cheo: mwenye mali na umri huchukua, asiye navyo huchukuliwa. Ni uhalisi wa kauli ya kutenda na kutendwa, unaotazamwa kwa jicho la aliye chini. Ni kweli kwa jamii aliyoieleza, lakini si kweli yote, na mtunzi mwenyewe hakudai kuwa ndiyo yote.

Kazi mbili za Wakenya zimetoka mwaka mmoja, 2014, na ulinganifu wake ni wa kustaajabisha. Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alitangaza mwezi wa Januari sura aliyoiita iliyopotea katika kitabu chake cha maisha, akimwambia marehemu mama yake kile ambacho hakuwahi kumwambia. Filamu Stories of Our Lives, iliyoongozwa na Jim Chuchu na kundi la Nest, ilikusanya visa vitano kutokana na masimulizi ya Wakenya; Bodi ya Filamu iliipiga marufuku mwezi wa Oktoba. Katika sura ya Wainaina, mwili wa mwanamume unafikiwa London, nao unalipiwa. Katika kisa cha filamu kiitwacho Duet, msomi wa Kenya yuko katika chumba cha hoteli Uingereza na mwanamume aliyemwajiri. Kisa kinachohusu nyumbani, Athman, cha vibarua wawili wa shamba ambao ni marafiki wa miaka, kinabaki katika kutamani. Mwili wapatikana ng'ambo, kwa fedha. Nyumbani wapatikana moyo tu.

Hata hivyo, kwa suala la uhalisi, Duet imezipita riwaya nyingi nene, kwa kuwa imetoa nafasi kwa haya na mashaka yanayotangulia kugusana. Wahusika wake hawajui cha kufanya mpaka wanene. Mazungumzo hayo ndiyo ambayo utanzu wa mapenzi huyakwepa kwa kuogopa kupoza moto.

Mahali nako ni sehemu ya tendo. Katika ploti nyingi za Migosi vyumba vimepangwa kuzunguka ua mmoja, bafu ni la wote, na mwenye ploti anajua nani kalala wapi. Mtunzi atakayewapa wapenzi wa mtaa huo usiku mrefu wenye kelele atakuwa ameandika hadithi ya kubuni katika maana mbaya ya neno. Kwa upande mwingine, desturi ya Wajaluo ina kitu ambacho hadithi za ng'ambo hazina: simba, nyumba ya kijana asiyeoa katika boma la baba yake. Humo rafiki wa kiume hulala bila mtu kuuliza, ilhali msichana akionekana akitoka alfajiri huwa habari ya boma zima. Faragha ya wanaume wawili imefichwa katika kudhaniwa hawana hatia. Mtunzi wa huko ana hazina hapo: ukimya, giza, jogoo, na mama anayewaamsha wote wawili kwa chai. Jarida la Lolwe, ambalo Troy Onyango alilianzisha mwaka 2020 na kulipa jina la Ziwa kwa Dholuo, limeonyesha kwamba watunzi wa pwani hiyo wapo. Ila lugha yao ya kuandikia ni Kiingereza.

Suala hili si la fasihi tupu. Kuanzia mwaka 2015 uchunguzi wa afya uitwao Anza Mapema uliwaandikisha Kisumu zaidi ya wanaume 700 wanaokutana kimapenzi na wanaume, na si wachache kati yao waliokuwa na wapenzi wa kike pia, jambo ambalo hadithi za mapenzi hulitaja kama usaliti tu. Katika hadithi mashuhuri ya Annie Proulx, Brokeback Mountain (1997), mate yanatosha. Katika nyingine mafuta yoyote yaliyo karibu hutosha. Lakini mafuta ya kujipaka na ya kupikia huharibu mpira wa kondomu, na kinachofaa ni kilainishi cha maji. Mhusika anayenyoosha mkono kwenye chupa ya mafuta ya nazi anamfundisha msomaji bila kukusudia, na msomaji hana sababu ya kumshuku, kwa kuwa mengine yote katika ukurasa huo yamependeza.

Mwelimishaji wa afya anayetaka kusema hayo kwa Kiswahili hukutana na vitenzi vilevile. Akisema anayeingiliwa, nusu ya wasikilizaji hunyamaza, maana hakuna atakayekubali kuitwa hivyo mbele ya wenzake. Lugha ina njia nyingine, nayo si ngeni: kauli ya kutendana. Wapenzi hupendana, hushikana, hulaliana. Dholuo kina herore kutokana na hero, kupenda. Hata neno la vitabu vya shule, kujamiiana, limefungwa kwa -ana hiyohiyo, ingawa limekauka kwa kukaa sana katika vitabu vya afya. Katika kauli hiyo hakuna aliye juu katika sarufi, na zamu, kama ipo, haina budi kuelezwa kwa maneno, yaani kwa kuwafanya wahusika waulizane na kujibizana, kama wanavyofanya wale wa Duet katika chumba chao cha kukodi.