Miche 62 na rekodi nyingine za mkonge wa Tanga

Mwanzo mdogo kuliko yote. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, ikavuka bahari, na ilipotua Tanga iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kila nikipita Muheza na kuiona mistari ya mkonge ikikimbilia upeo wa macho, namba hiyo hunijia. Mkoa mzima ulijengwa juu ya miche ambayo ingeenea kwenye tenga moja.

Reli ya kwanza Tanzania Bara. Nayo ilianza kujengwa 1893, papo hapo Tanga, ikafika Mombo 1905. Walioijenga walitazamia utajiri wa kahawa ya Usambara. Kahawa ikawaangusha, mkonge ukairithi reli.

Mbegu iliyosafiri mbali kuliko zote. Jina lake ni namba tupu, 11648, na naomba msomaji aikariri. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ipo jamii ya mkonge iliyopewa jina la mahali hapo, Agave amaniensis. Wakati wa Waingereza, watafiti waliichavusha na jamii nyingine, Agave angustifolia, kisha wakamrudisha mtoto kwa mzazi wake wa Amani; huko ndiko ilikotoka 11648. Kazi hiyo ikaendelezwa katika kituo cha Mlingano, Muheza, kilichokuwa chini ya chama cha wakulima wakubwa wa mkonge. Wenye mashamba walikuwa na kituo chao cha utafiti, jirani na mashamba yao, na swali la shambani halikuhitaji safari ndefu ili lifike maabara.

Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 maisha yake yote. 11648 huvuka 600. Katika miaka ya 1960 mbegu hiyo ilipelekwa China, na leo ndiyo inayotawala mashamba ya Guangdong na Guangxi. Huko mashamba ya umma yanaitilia mbolea na chokaa, na mavuno yao kwa hekta ni miongoni mwa ya juu kabisa duniani, mara kadhaa ya yale ya Tanga. Hapa ndipo roho inaponiuma. Mbegu ni yetu, imezaliwa kwetu, na inazaa zaidi ugenini kwa sababu huko haikuachwa ijilee yenyewe.

Kilele kirefu kuliko vyote. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani 230,000 hivi za nyuzi, na wakati huo hakuna nchi iliyoifikia. Mkonge ndio ulioongoza kuiingizia nchi fedha za kigeni.

Ila nani aliyakata majani hayo? Manamba, watu walioitwa kwa namba walizopewa. Walitoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuwaajiri, SILABU, likiwa na malori na kambi njiani. Utawala wa kikoloni ulikubali kwamba mkoa mmoja upate reli, mashine na watafiti, na mikoa mingine itoe nguvukazi. Wanaume waliondoka, mashamba ya nyumbani yakabaki kwa wanawake na wazee. Kwa hiyo nikisikia tani 230,000 zikitajwa kwa fahari, nami huzitaja, lakini nataka Kigoma nayo iandikwe kwenye rekodi hiyo.

Anguko kubwa kuliko yote. Kamba za plastiki ziliivunja bei tangu katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1967 zaidi ya nusu ya sekta ilitaifishwa, upandaji upya ukazorota, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Brazil ndiyo inayoongoza sasa.

Umeme wa kwanza duniani kutokana na masalia ya mkonge. Ulizalishwa Hale, wilayani Korogwe. Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu. Kinachobaki, maji na nyama ya jani, kwa miaka zaidi ya mia kilimwagwa, kikachafua mito. Mtambo wa Hale ulikigeuza kuwa gesi, gesi ikawa umeme. Ni mtambo mdogo, lakini naupenda kuliko kilele cha 1964, kwa kuwa ulilitazama jani zima.

Mashamba mapya. Serikali iliutaja mkonge kuwa zao la kimkakati na kuweka lengo la tani 120,000 kwa mwaka, huku Mlingano ikirudi kuzalisha miche kwa wingi. Wakulima wadogo, waliokuwa hawana nafasi tangu enzi ya Hindorf, sasa wanalima Magunga, Hale, Mwelya, Ngombezi na Magoma. Jani likishakatwa halisubiri. Likikauka, nyuzi zinaharibika. Mkulima mwenye hekta zake chache anahitaji korona iliyo karibu, yenye nafasi siku anayovuna, na mizani anayoiamini.