Je, Wajua Meko ya Ukutani Yaweza Kuipoza Nyumba?

Moto mkubwa wa kuni kwenye meko ya ukutani huvutia macho, lakini nyumba hufaidika nao kidogo sana. Kwenye meko ya kawaida yaliyo wazi, takriban sehemu tisa kati ya kumi za joto hupanda na moshi hadi angani. Usiku wa manane, moto ukiwa umebaki makaa, hasara huzidi. Dohani bado ina joto, kwa hiyo bado inavuta, na inachokivuta sasa ni hewa ya chumbani ambayo tayari ilikuwa imepashwa. Hewa inayochukua nafasi yake ni ile ya nje, inayopenya chini ya mlango na kwenye nyufa za madirisha. Kwa saa hizo nyumba ingekuwa na joto zaidi kama dohani ingekuwa imezibwa.

Wakazi wa Kericho na Bomet nchini Kenya wanalijua vizuri suala la baridi. Mji wa Kericho uko kwenye kimo cha takriban mita 2,000, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Kampuni kubwa za chai zilipofungua mashamba huku katika miaka ya 1920, mameneja walijengewa nyumba za mawe zenye meko ya ukutani. Baadhi ya nyumba hizo zingalipo, na anayeishi ndani yake anajua jinsi mtu anavyoota moto usoni huku mgongo ukiganda.

Dawa yake ni sanduku la chuma kizito linalopachikwa ndani ya meko yale yale. Mbele lina mlango wa kioo maalumu kisichopasuka kwa joto, na juu limeunganishwa na bomba la chuma linalopita ndani ya dohani ya zamani hadi juu ya paa. Hewa huingia kupitia matundu ambayo mwenye nyumba anayafungua na kuyafunga kwa mkono. Hewa ya chumbani haiingii tena ovyo. Inayopita nje ya sanduku hupata joto kwenye kuta zake na kurudi chumbani ikiwa safi, bila kugusana na moshi. Sanduku lililoundwa vizuri huiachia nyumba takriban asilimia 70 ya joto la kuni.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1744 Benjamin Franklin alichapisha kijitabu huko Philadelphia kueleza meko yake ya chuma ya kupachikwa ukutani. Njia ya moshi aliyoibuni iliuteremsha kwanza chini kabla ya kuupandisha, na moto ulipopoa moshi uligoma kupanda. Wengine waliomfuata ndio walioirekebisha. Kosa la Franklin linafunza jambo moja la msingi: dohani hufanya kazi kwa sababu hewa moto ni nyepesi kuliko ya nje, na ukiinyang'anya joto lote, haivuti.

Lakini kiini cha sanduku hili kiko kwenye namna kuni inavyoungua. Chunguza ukuni unaoanza kushika moto. Mwali haukai juu ya mti wenyewe, kuna nafasi nyembamba kati yao. Kinachowaka pale ni gesi. Ukuni mkavu ukipashwa hadi kati ya nyuzi 200 na 300, huanza kuvunjika na kutoa gesi, na kabla ya kubaki makaa matupu huwa umepoteza karibu robo tatu ya uzito wake kwa njia hiyo. Zaidi ya nusu ya joto la ukuni imo ndani ya gesi hizo. Ule moshi mzito wa rangi ya maziwa unaopanda kutoka kwenye meko ni kuni uliyoikata, ukaibeba na kuipasua, ikiondoka bila kuungua.

Gesi hizo hazikubali kuwaka mpaka zifike karibu nyuzi 600 na zikutane na hewa ya kutosha. Meko yaliyo wazi huzipoza mapema mno. Sanduku lililofungwa huhifadhi joto kwa matofali yaliyopangwa ndani yake, kisha huingiza hewa ya pili kupitia vitundu vya juu. Ukitazama kupitia kioo wakati huo utaona miali ikining'inia chini ya dari ya sanduku, mbali kabisa na kuni. Hapo, juu ya paa moshi karibu hauonekani.

Kimo cha milima yetu nacho kina neno. Kwenye mita 2,000 hewa imepungua uzito kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Moto hupata oksijeni pungufu katika kila pumzi, na dohani huvuta kwa nguvu ndogo. Fundi wa Kericho anayeiga vipimo vya jiko lililoundwa kwa ajili ya mwambao atapata moshi chumbani. Inambidi arefushe bomba.

Sasa kuni. Wengi huamini kuni mbichi ni mbaya kwa sababu maji yake hula joto. Ni kweli, lakini hesabu inashangaza: ukuni ambao nusu ya uzito wake ni maji hupoteza takriban sehemu moja tu kati ya saba ya joto lake kuyachemsha na kuyageuza mvuke. Hasara kubwa ni nyingine. Mvuke huo huushikilia moto kwenye joto la chini, gesi hazifikii nyuzi zile 600, na moshi hutoroka na mali yote. Ukifika kwenye bomba lililopoa, hugandamana humo kama lami nyeusi. Lami hiyo ikishika moto siku moja, bomba huweza kufika nyuzi 1,000 na paa likaenda nalo.

Blugamu, yaani mkaratusi, iliyokatwa jana ni nusu maji. Inafaa kupasuliwa, kwa maana maganda huzuia maji kutoka, kisha ipangwe juu ya magogo yasiyogusa ardhi, chini ya paa, pembeni wazi upepo upite. Kwa mvua za huku, miezi sita ni michache. Ikikauka, ncha zake hupasuka kama miale ya nyota, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa mlio mkali badala ya kishindo kizito. Viwanda vya majani chai vinalijua hili. Boila zao zinakula kuni, na magogo ya mkaratusi hukaushwa mabandani kwa miezi kabla ya kutiwa tanurini.

Sigor, upande wa Chepalungu huko Bomet, iko chini kidogo ya vilima vya chai, na nyumba za mameneja zenye dohani huko si jambo la kawaida. Moto uko jikoni, nyumba ya pembeni, na wengi bado wanatumia mafiga matatu. Huko ndiko sanduku la kupachika lina ndugu yake wa karibu kabisa: Jiko Kisasa, lililoenezwa Kenya tangu miaka ya 1980 na shirika la Maendeleo ya Wanawake kwa msaada wa Ujerumani. Ni bomba pana la udongo uliochomwa kwenye tanuru, likiwa na mlango mmoja wa kuni. Unaliweka jikoni, unalizungushia mawe na udongo, unaliacha likauke, na sufuria inakaa juu ya mdomo wake. Kanuni ni ile ile: moto uzibwe pande zote, hewa ipite njia moja, kuta zishike joto. Kuni inayotumika hupungua sana, na kikohozi cha mama kinapungua kiasi, ijapokuwa bila dohani moshi uliobaki unaingia mapafuni bado. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Kwa hiyo ningeanzia jikoni kabla ya kuota kioo na chuma. Familia yenye fedha kidogo ifikirie kwanza bomba la moshi jikoni. Na yeyote asichukue jiko la makaa kulipeleka chumbani usiku wa baridi, milango ikiwa imefungwa. Makaa hayana moshi wa kuonekana, lakini hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoshika damu mahali pa oksijeni. Aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Sanduku la chuma lenye dohani iliyo safi huitoa gesi hiyo nje, mradi bomba lisuguliwe angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi ya Juni na Julai kufika.