Kungoja Maji Yasimame

Ukilipia safari ya meli ya kitalii kwenda Aktiki ya Kanada, utapewa ratiba iliyochapwa vizuri, siku kwa siku. Ushauri wangu: isome kama unavyosoma utabiri wa hali ya hewa. Sababu inaonekana wazi kuliko kwingine katika Mlangobahari wa Bellot, upenyo mdogo ulio kwenye mojawapo ya njia za kale zilizotafutwa kuunganisha Atlantiki na Pasifiki kupitia kaskazini.

Upande mmoja kuna Kisiwa cha Somerset. Upande wa pili kuna Rasi ya Boothia, na hapo ndipo bara la Amerika Kaskazini linapoishia, karibu nyuzi 72 kaskazini ya ikweta. Mlango wenyewe una urefu wa kilomita 25 hivi na upana wa kilomita 2 hivi. Kwa mwendo wa kawaida, meli ingeumaliza kwa saa moja na ushei. Lakini nahodha anaweza kufika alfajiri akakaa nje hadi mchana, huku abiria wakiulizana mbona hatuingii na bahari iko wazi.

Anangoja maji. Msomaji wa Lamu au Pemba hahitaji kufundishwa kujaa na kupwa, wala tofauti ya bamvua na maji mafu, na mwezi unaoyavuta maji ya kule ni huuhuu wetu. Ila mlango huu umeunganisha bahari mbili zisizojaa kwa pamoja. Upande wa mashariki, katika Prince Regent Inlet, maji hujaa kwa wimbi linaloingia kutoka Atlantiki. Magharibi wimbi hufika kwa kuzunguka njia nyingine, kwa saa nyingine na kwa kimo kingine. Upande mmoja ukiwa juu na wa pili chini, maji hushuka kupitia upenyo kama yanavyoshuka mtoni. Mkondo huweza kufikia maili 8 za baharini kwa saa, yaani karibu kilomita 15. Jahazi lenye upepo mzuri lingejitahidi tu kubaki lilipo. Baada ya saa kadhaa mkondo hugeuka, ukarudi ulikotoka.

Kwenda na mkondo kunaonekana rahisi, na hapo ndipo penye hatari. Meli inayosukumwa kutoka nyuma huongeza kasi, nafasi ya kusimama ikapungua, huku maji yanayozunguka yakivuta omo pembeni. Karibu na mwisho wa mashariki kuna mwamba uitwao Magpie Rock, unaongoja mwenye haraka. Kwa hiyo nahodha hupiga hesabu ili apite maji yakiwa yamesimama au yanakaribia kusimama.

Halafu kuna barafu, ambayo haina jedwali la nyakati kama maji. Mwaka 1858, Francis Leopold McClintock alijaribu mara kadhaa kuuvuka mlango huu na meli yake Fox, akimtafuta John Franklin na watu wake waliopotea wakiitafuta njia hiyo ya kaskazini. Alifika mwisho wa magharibi akakuta barafu imeziba. Alirudi mashariki, akakaa majira yote ya baridi, na mwaka uliofuata kundi lake likaendelea kwa sleji. Mlango ulikuwa umeshapewa jina la Joseph-René Bellot, Mfaransa aliyefika hapa mwaka 1852 pamoja na William Kennedy katika msako huohuo. Mwaka 1853 Bellot alitumbukia kwenye ufa wa barafu, mbali kidogo kaskazini, akafa akiwa na miaka 27.

Leo kuna picha za setilaiti na meli zenye matumbo yaliyoimarishwa, lakini upepo wa usiku mmoja unaweza kuisukuma barafu yote kwenye mdomo wa mlango. Isitoshe, sehemu kubwa ya maji ya Aktiki ya Kanada bado haijapimwa kina kwa viwango vya kisasa. Mwaka 2018 meli ya watalii Akademik Ioffe ilipanda mwamba katika Ghuba ya Boothia, na abiria wakahamishiwa meli nyingine. Binafsi ningemwamini zaidi nahodha anayegeuza meli kuliko yule anayejisifu kwamba hajawahi kugeuza.

Mkondo wa mlango huu pia ni neema. Huchanganya maji na kuleta chakula, sili hukusanyika, na dubu weupe huwafuata. Ndiyo maana boti za mpira zikiwapeleka wageni nchi kavu, walinzi wenye bunduki hutangulia.

Mara nyingi wageni hushukia Fort Ross, kwenye mdomo wa mashariki, penye majengo mawili ya mbao yaliyobaki. Kampuni ya Hudson's Bay ilifungua duka hapo mwaka 1937, ikitumaini bidhaa za mashariki na magharibi zingekutana. Familia za Wainuiti zilizokwisha kuhamishwa kutoka Cape Dorset, leo Kinngait, zikaletwa hapo kuwinda mbweha kwa ajili ya manyoya. Ila barafu ilizizuia meli za mahitaji mara kwa mara, na mwaka 1948 duka likafungwa. Kampuni ikaondoka na hesabu zake. Familia zile zikahamishwa tena, safari hii kusini, hadi mahali panapoitwa leo Taloyoak, na wajukuu zao wako huko mpaka sasa.