Moteri ya mtumbwi inakataa kuwaka kisha kutosha pulatini: tuangalie nini kwanza?



Kwetu Kibombo, kwa vijiji vya kando ya Lualaba, mavuno mengi yanafika sokoni kwa njia ya maji. Tunajua wote: muhogo mbichi ukisha kung'olewa, siku mbili ao tatu zinatosha unaanza kuharibika. Mpunga usiokauka vizuri, ukilala ndani ya mifuko pale kivukoni, unapata joto na mchele unabadilika rangi. Basi moteri ikikataa kuwaka siku ya soko, hasara si ya fundi peke yake. Ni ya kila mwanamemba aliyeleta mfuko wake. Ndiyo sababu gazeti la wakulima linazungumza leo juu ya moteri.

Moteri za zamani, kama zile Johnson na Evinrude za miaka mingi, zinatoa cheche kwa msaada wa pulatini. Chini ya volani (ile gurudumu nzito ya juu yenye sumaku) kuna bobini, kondensateri na pulatini. Pulatini zinafunguka na kufungika, na kila zikifunguka, buji inapata cheche. Shida ni kwamba zinalika, zinashika unyevu na uchafu, na nafasi yake inabadilika. Kwa hiyo wengi wanazitosha na kuweka moduli ya elektroniki, isiyo na kitu cha kugusana wala kulika. Wazo ni zuri, lakini mara nyingine kazi inamalizika na moteri haikamati tena.

Hapo kanuni ni moja: moteri iliyokuwa inakamata jana, na leo haikamati kisha kutengenezwa, tafuta kosa kwanza pale mikono ilipopita. Usitoe feza ya koperative kununua moduli ingine mbele ya kumaliza hatua hizi.

Hatua ya kwanza: cheche iko?

Tosha buji zote, rudisha kila moja ndani ya kofia ya waya wake, kisha uzilaze chuma chake kiguse chuma cha moteri. Ziwe mbali na tundu la silinda na mbali na esansi, juu cheche inaweza kuwasha moto. Simama kivulini, vuta kamba kwa nguvu. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika. Usiache waya wa buji wazi hewani unapovuta: umeme ukikosa njia unaweza kuunguza bobini ao moduli.

Kama cheche haiko

1. Waya wa kuzimisha. Chomoa waya unaotoka kwa kitufe cha kuzimisha, vuta tena. Cheche ikirudi, moduli yako ni nzima. Kosa liko kwa kitufe ao waya uliobanwa chini ya volani. Angalia pia ile kamba ya usalama kama iko mahali pake. Ukisha kupima, rudisha waya, sababu bila huo hutaweza kuzima moteri haraka.

2. Masi. Moduli inapaswa kugusa chuma safi cha moteri. Rangi, kutu ao chumvi ya zamani chini ya skurubu inazuia umeme. Kwangua mpaka chuma kingae, kaza vizuri.

3. Waya za zamani. Pulatini na kondensateri zimetengwa kweli? Pulatini iliyobaki imeshikana na waya wa bobini inaweza kula cheche yote.

4. Waya za moduli. Moduli nyingi zina waya wa bobini na waya wa masi. Ukizigeuza, cheche hakuna. Soma karatasi iliyokuja nayo, usikisie.

5. Nafasi kati ya bobini na sumaku. Ikiwa mbali sana, umeme ni mdogo. Ikiwa karibu sana, volani inakwaruza. Kwa moteri nyingi ndogo ni karibu milimita 0.3, unene wa kadi ngumu, lakini kipimo cha kitabu cha moteri yako ndicho kinachohesabika.

6. Mwendo wa kuvuta. Moduli inahitaji volani izunguke mbio kiasi fulani, mara nyingine kuliko pulatini. Kama cheche inakuja wakati buji zimetoka lakini unahisi kamba nzito na ya pole pole zikirudi, badilisha kamba iliyochoka na uvute mara moja, kwa nguvu moja.

7. Batri. Moduli zingine zinatumia batri ya volti 12. Batri chovu inazinyima cheche, na kugeuza chanya na hasi kunaziua. Moduli isiyoomba batri, usiiwekee kamwe.

Kama cheche iko, lakini moteri haikamati

Kwanza, kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga volani kwa mhimili wake. Kama kilikatika ao kilisahaulika wakati wa kazi, volani inahama kidogo na cheche inakuja saa isiyo yake. Dalili: moteri inakohoa, ao inarudisha kamba kwa ukali mpaka mkono unaumia. Fungua volani, angalia, kisha kaza nati yake kama kitabu kinavyosema.

Pili, kwa moteri ya silinda mbili, waya za buji zinaweza kuwa zimebadilishana, ya juu kwa ya chini. Zirudishe.

Tatu, esansi. Buji ikiwa kavu, esansi haifiki: fungua tundu la hewa la kifuniko cha tanki, kaza mipira. Ikiwa imelowa sana, ifute, na uvute kamba mara kadhaa buji zikiwa nje na zimeguswa kwa chuma, kama wakati wa kupima. Weka esansi kidogo ndani ya chupa inayoonesha: kama kuna maji, yatakaa chini. Tena moduli haibadilishi kipimo cha mafuta. Moteri iliyoomba lita 1 kwa lita 50 za esansi inabaki hivyo. Zile za zamani zaidi zinaomba mafuta mengi kuliko hapo.

Mbele ya kupakia mifuko

Moteri ikisha kukamata, usiondoke mara moja. Iache itembee dakika 20 ao 30 pale kivukoni, mguu wake ukiwa ndani ya maji, maana ni maji hayo yanaipooza. Izime, uiwashe tena ingali moto, mara tatu. Moduli yenye ubovu mara nyingi inakubali ikiwa baridi na kukataa ikisha kupata joto. Afadhali ikatae pale kivukoni kuliko katikati ya mto. Lualaba si salama kila mahali. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilijengwa juu ya maporomoko yanayokata njia ya maji. Kwa hiyo kasia, kamba ndefu na nanga visikose ndani ya mtumbwi.

Tena msitupe pulatini za zamani. Zifungeni pamoja na kondensateri ndani ya mfuko mkavu, na zisafiri na moteri. Pulatini chafu fundi anaweza kuisafisha pale pale. Moduli ikikufa, haitengenezwi: inabadilishwa tu, na pyesi inaweza kuwa mbali.

Mwisho, kamati iwe na kaye moja ya moteri: siku ya kazi, pyesi gani ilibadilishwa, nani aliifunga, waya gani ulienda wapi. Fundi mwingine akija kesho, ataanzia pale, na mpunga hautamngoja siku mbili.