Sabuni Haiondoi Mafuta Baharini

Kila utando wa dizeli unapoonekana juu ya maji, iwe bandarini Mtwara, ufukweni Msimbati au katika vijito vya mikoko vya maingilio ya mto Ruvuma, wataalamu wa maji huulizwa swali lile lile: ni sabuni gani imwagwe ili mafuta yaondoke? Swali hilo limejibiwa kwa upole kwa muda mrefu mno, hata wengi wakadhani kuwa jibu lipo ila linafichwa. Hakuna sabuni ya namna hiyo. Anayemwaga sabuni ya unga juu ya mafuta haondoi hata tone moja, bali huyaondoa machoni pa watu na kuyazamisha ndani ya maji, mahali ambapo ni vigumu mno kuyakusanya tena.

Sababu yake haihitaji maabara. Chembe za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo inavyojitokeza juu ya maji huitwa mvutano wa uso. Kwa maji safi hufikia takribani milinyutoni 72 kwa kila mita, ilhali kwa mafuta mengi ni kati ya 20 na 30 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoyafanya mafuta yajitenge na maji, na ndiyo inayotegemewa na karibu kila njia ya kuyakusanya. Sabuni huivunja tofauti hiyo: hushusha mvutano wa maji hadi kukaribia ule wa mafuta, kisha huuzunguka kila mmego wa mafuta na kuuzuia usiungane na mwenzake, hata utando uliokuwa juu ukageuka matone madogo yaliyotawanyika majini kama mafuta ya nazi yalivyotawanyika ndani ya tui. Maji yakionekana safi baada ya hapo, usafi huo ni wa macho tu.

Wanaolipa gharama ya udanganyifu huo ni viumbe wanaoishi chini ya maji. Mafuta yanayoelea huwadhuru zaidi ndege, fukwe na mizizi ya kupumulia ya mikoko, na madhara hayo si madogo. Lakini mafuta yaliyokatwakatwa na sabuni huwafikia samaki katika matamvua, huwafikia mayai na makinda yanayokulia katika nyasi za baharini, na hufika kwenye matumbawe, yakisindikizwa na sabuni ambayo yenyewe ni sumu kwa viumbe hao. Jambo hili si nadharia. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, na serikali ya huko ikaagiza fukwe zimwagiwe takribani tani 10,000 za sabuni kali za viwandani. Wanabiolojia waliofuatilia miamba ile waligundua kuwa mahali palipoachwa na mafuta yake palirejewa na konokono wa miambani na viumbe wengine ndani ya miaka michache, ilhali mahali palipopigwa sabuni kwa wingi palichukua zaidi ya muongo mmoja. Zaidi ya nusu karne imepita tangu somo hilo lipatikane kwa gharama kubwa, na hakuna udhuru wa kulirudia katika eneo la kilomita za mraba 650 lililotangazwa mwaka 2000 kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Wapo wanaojibu kwamba kampuni kubwa nazo hutumia dawa za kutawanya mafuta, na kwamba katika ajali ya mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ya mwaka 2010, katika Ghuba ya Meksiko, zilimwagwa lita takribani milioni 7. Ni kweli, lakini dawa hizo si sabuni ya kufulia: hupimwa, huidhinishwa na hutumika kwenye bahari kuu, penye kina cha kuzimua mafuta, na hata huko wanasayansi hawajaacha kubishania faida yake. Juu ya matumbawe na ndani ya mikoko, penye maji ya kina kifupi, hazistahili kumwagwa hata zikiwa na vibali vyote.

Hofu kwamba mafuta hayo hutoka kwenye visima vya gesi nayo iwekwe mahali pake. Gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 karibu yote ni methani, na methani ikivuja hupanda hewani, haiachi utando mweusi juu ya maji. Mafuta yanayoonekana pwani hii hutoka kwenye meli, kwenye mashine za boti, kwenye oili chafu inayomwagwa na mafundi, na kwenye maji ya ngama, yaani maji machafu yanayojikusanya chini kabisa ya chombo.

Njia yenye akili huanzia upande ulio kinyume na sabuni: badala ya kuifuta tofauti kati ya maji na mafuta, huikuza. Jani la gimbi huonyesha namna yake, kwani lina nta na vijinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, hivi kwamba tone la maji husimama juu yake likiwa karibu duara kamili na kuteleza. Wataalamu hupima hali hiyo kwa pembe ya mguso, yaani pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na sehemu lilipotua. Ikizidi nyuzi 150, sehemu hiyo huhesabiwa kuwa inayakataa maji kabisa. Mwaka 2004 watafiti wa China walipaka wavu wa chuma tabaka la namna hiyo, na dizeli ikapita katika matundu ilhali maji yakabaki juu. Wavu huo huo ukikutana na maji yenye sabuni hushindwa, kwa kuwa maji yaliyopungukiwa na mvutano hulowesha tabaka na kupenya pamoja na mafuta. Kwa hiyo aliyetangulia kumwaga sabuni amewafungia njia pia wanaokuja nyuma yake na vifaa.

Mkazi wa Mtwara hana sababu ya kusubiri wavu kutoka maabara, kwa maana msufi humpa kitu kinachofanya kazi hiyo hiyo. Unyuzi wa usufi ni mrija wenye hewa ndani na nta nje. Maji hayaushiki, ndiyo maana uliwahi kujazwa katika maboya ya kujiokolea, lakini dizeli huvutwa na nta ile na kuingia hadi ndani ya mrija. Majaribio yameonyesha kuwa usufi unaweza kubeba mafuta yenye uzito zaidi ya mara 30 ya uzito wake. Ukifuliwa kwa sabuni au kuchemshwa kwa magadi hupoteza nta, hunywa maji na huzama. Nchini Mauritius, meli ya Wakashio ilipokwama mwezi Julai 2020 na kumwaga takribani tani 1,000 za mafuta, wananchi walishona vizuizi vya kitambaa vilivyojazwa majani ya miwa, nayo yalisaidia. Usufi una sifa bora kuliko majani hayo.

Mipaka ya njia hizi ipo. Wavu unaokataa maji haufai kuwekwa kama chujio la kumiminia, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, hutangulia chini na kuziba njia. Ufanywe kikapu kinachoelea, mafuta yaingie kwa pembeni. Mchanga hukwangua tabaka, na mwani hulifunika. Tabaka zenye florini hazifai baharini kwa sababu kemikali zake hazikubali kuoza. Nta au silikoni ni afadhali. Mafuta yaliyokwisha kutawanyika huhitaji kinyume chake, utando wa kuchujia unaopenda maji na kukataa mafuta kama magamba ya samaki yafanyavyo chini ya maji, nao huzibika upesi.

Yanayowezekana leo ni haya. Mwenye boti aweke mto wa usufi ulioshonewa ndani ya kipande cha chandarua katika ngama, aukamue kwenye dumu, aubadilishe unapoanza kuzama, wala asiuchome ufukweni. Oili chafu ikusanywe, isimwagwe mtaroni. Meli za tani jumla (GT) 400 na kuendelea zinabanwa na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari unaotokana na meli, kutomwaga maji ya ngama yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 katika milioni, na mafundi wake waepuke sabuni, kwa kuwa huvuruga mashine ya kutenganisha mafuta na maji. Umwagikaji mkubwa uripotiwe mara moja kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) na kwa ofisi ya hifadhi, kwa sababu mkondo wa pwani hii huelekea kaskazini na mafuta hayamsubiri mtu. Na yeyote atakayefika ufukweni na ndoo ya sabuni arudishwe nayo nyumbani.