Msichana wa 1944 Katika Simu ya Mwanao

Wazazi wengi hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Unamnunulia binti yako kitabu cha maisha ya mtu mashuhuri, anatazama picha siku ya kwanza, kisha kitabu kinabaki kabatini kikila vumbi. Lakini binti huyohuyo anaweza kukaa saa nzima akifuatilia katika simu maisha ya msichana wa nchi ya mbali ambaye hatakutana naye kamwe. Anajua amekula nini, amegombana na nani na leo amevaa nini.

Je, mama, umewahi kujiuliza ni kwa nini? Si kwamba hapendi habari za maisha ya watu. Anazipenda mno! Anachokikataa ni kuletewa mtu aliyekwisha kufa tangu ukurasa wa kwanza, mwenye tarehe ya kuzaliwa, vyeo na orodha ya matendo mema. Mtu wa namna hiyo hana cha kumngojea kesho.

Eva na baiskeli yake

Mwaka 2019 mfanyabiashara wa Israeli, Mati Kochavi, na binti yake Maya walijiuliza swali moja: ingekuwaje kama msichana aliyekamatwa na Wanazi angekuwa na simu mkononi? Wakachukua shajara ya Eva Heyman, msichana Myahudi wa mji wa Nagyvárad, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Hungaria na leo uko Romania kwa jina la Oradea. Waigizaji wakaigiza maisha yake, na picha zikapigwa kana kwamba Eva mwenyewe ndiye anayejipiga. Vipande vifupi vipatavyo 70 vilitolewa kwenye Instagram kuanzia tarehe 1 Mei, wakati Israeli inapowakumbuka waliouawa. Watu zaidi ya milioni moja walimfuata.

Eva alianza shajara yake tarehe 13 Februari 1944, siku aliyotimiza miaka 13. Alitaka kuwa mpiga picha wa magazeti. Alilelewa na babu na bibi yake, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wametengana na mama yake, Ágnes, ameolewa tena. Mwezi uliofuata, tarehe 19 Machi, majeshi ya Ujerumani yaliingia Hungaria. Askari walipokuja kumnyang'anya baiskeli, aliyokuwa ameipa jina la Ijumaa, msichana huyu aliling'ang'ania gurudumu la nyuma akipiga kelele. Mwezi Mei Wayahudi wa mji ule walifungiwa katika mtaa mmoja. Mwisho wa mwezi Eva aliandika mara ya mwisho, na shajara ikaachwa mikononi mwa mpishi wao, mwanamke Mkristo aliyeitwa Mariska. Mwezi Juni Eva alipelekwa Auschwitz, na huko aliuawa mwezi Oktoba.

Mama yake alinusurika. Vita vilipokwisha ndiye aliyeichapisha shajara ya binti yake, na baada ya miaka michache alijiua. Mambo haya hayamo katika vile vipande 70, kwa sababu simu ya Eva inazimika pale Eva anapoondolewa. Mimi naona mwanao akishamwona Eva, mweleze pia habari za mama huyu. Kijana wa miaka 14 anaweza kuibeba habari hiyo, mradi wewe uwe karibu naye.

Wapo waliokasirika. Walisema mauaji ya Wayahudi mamilioni yamegeuzwa mchezo wa vijana, wenye vibonzo na alama za mapenzi. Hoja yao ina uzito. Mtoto anaweza kutoka kwenye kilio cha Eva na, kwa kugusa kidole mara moja tu, akajikuta anatazama tangazo la viatu. Hata hivyo, wengi wa wale vijana hawakuwahi kulisikia jina la Eva kabla ya siku ile. Shajara yake imo vitabuni tangu miaka ya 1940, nao hawakuifungua.

Sophie aliyejibu maswali

Wajerumani walikwenda mbele zaidi. Kuanzia Mei 2021 hadi Februari 2022, mashirika mawili ya utangazaji, SWR na BR, yalionyesha kwenye Instagram miezi kumi ya mwisho ya Sophie Scholl, mwanafunzi wa chuo kikuu cha München. Mama yake Sophie alikuwa shemasi muuguzi kabla ya kuolewa, na nyumbani mwao Biblia ilisomwa. Sophie na kaka yake Hans walikamatwa tarehe 18 Februari 1943 wakisambaza karatasi za kumpinga Hitler, na siku nne baadaye walikatwa vichwa. Sophie alikuwa na miaka 21.

Safari hii watazamaji waliweza kumwandikia Sophie, naye akawajibu! Bila shaka waliojibu ni watumishi wa mashirika yale. Hapo ndipo penye hatari. Sophie halisi aliacha barua na kumbukumbu alizoandika kwa mkono wake, na zinasomeka hadi leo. Kijana aliyezungumza na yule wa kwenye simu angetambuaje neno la Sophie na neno lililotungwa ofisini? Lawama zilikuwa nyingi, na kwa maoni yangu ni za haki.

Jumba la Anne Frank la Amsterdam lilikuwa na kiasi zaidi. Mwaka 2020 lilitoa filamu fupifupi ambamo Anne anapewa kamera badala ya daftari. Hapo hakuna anayemwandikia Anne akitazamia majibu.

Nyumbani kwako

Instagram yenyewe haimpokei mtoto aliye chini ya miaka 13, kwa hiyo mdogo asiachiwe. Kwa aliyetimiza umri, tazameni pamoja, sehemu chache kila jioni, huku kitabu kikiwa mezani. Mtume atafute kitabuni jambo aliloliona katika filamu. Akilikosa, amekwisha kujifunza kitu ambacho walimu huwachukua muda mrefu kukifundisha.

Akipenda kazi hiyo, mpe nyingine iliyo karibu. Bibi yake yupo? Akae naye, amuulize siku moja tu ya ujana wake: siku ya kuanza shule, au siku ya posa. Kisha aitengeneze katika simu kwa vipande vitano au sita, kana kwamba bibi anaishi siku hiyo leo. Kila kipande kionyeshe kama maneno ni ya bibi au ya mjukuu. Kabla hajawatumia shangazi na binamu zake, kwanza bibi aone. Na kama kuna jambo ambalo bibi hataki lisemwe, liondolewe.